Zamu Arobaini na Moja

Saa tisa alasiri jua la Kuopio limeshafunga kazi,
nami ndiyo kwanza nafungua jalada.
Dirisha linatoka jasho. Chini yangu mashine
zinageuza shuka za hospitali tatu,
na mtetemo wa sakafu unapanda mezani hadi kwenye kalamu.

Mlalamikaji: Hilkka Pesonen, miaka hamsini na minane, mchambua nguo.
Mlalamikiwa: Veijo Kärnä, msimamizi wa zamu.
Kisha nalitazama neno "anadai."
Neno hili lina kidole, linamsonta mtu kabla hajafungua mdomo.
Nalifuta. Naandika "alisema."
Naye Veijo pia "alisema,"
kitenzi kimoja kwa wote wawili,
kama watoto wa meza moja wapewavyo vijiko sawa.

"Tangu Oktoba alipangwa kwenye nguo chafu."
Alipangwa. Na nani?
Ah, hiyo *w* ndogo kwenye mkia wa kitenzi!
Mtu mzima hujificha nyuma yake, kofia na viatu vyote.
Naing'oa. Veijo Kärnä alimpanga.

Hilkka alisema zamu hamsini na tano, peke yake, mlango umefungwa,
tangu siku aliporipoti kwamba kinga ya rola imevunjika.
Nimeihesabu ratiba kwa rula, kwa kidole, kwa rula tena.
Ni arobaini na moja.
Mkono ulitaka kuandika "takriban."
Nilimpenda, sikatai. Alinikaribisha kahawa
na mkate wa iliki alioufunga ndani ya leso.
Lakini ripoti yenye huruma kwenye hesabu
huangushwa na mtu wa kwanza mwenye rula.
Basi: alisema hamsini na tano. Ratiba inaonyesha arobaini na moja.
Kabla hajaripoti, kwa muda uleule, tatu.
Tatu. Naiacha ikae hapo.

Orvokki hakumbuki. Taisto hakumbuki.
Kijana Jalmari hakumbuki, ila aliutazama mlango mara nne,
na sijui kama mlango ni ushahidi.
Nimeandika mara nne. Maana yake sikuandika.

Na hili, ambalo halinisaidii:
Machi, Hilkka alipoteguka kifundo cha mguu,
Veijo ndiye aliyemwendesha hospitali, theluji magotini,
akamngoja korido hadi saa nane usiku.
Limo. Aya ya kumi na nne.

Mkurugenzi amepiga simu. "Ukurasa mmoja unatosha, Tuovi.
Sema tu kwamba pande mbili hazikuelewana."
Hazikuelewana! Neno pana kama shuka ya vitanda viwili,
hufunika lolote, na lolote hulala chini yake.
Nikamwambia ni kurasa ishirini na tatu, na viambatisho.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni mwake.

Hitimisho limenila siku mbili.
"Kwa uzito wa ushahidi, yaelekea zaidi kuwa kilikuwa kisasi
kuliko kuwa hakikuwa."
Sentensi inatembea kama mtu juu ya barafu,
mikono imetanuka, haina madaha.
Lakini haijaanguka.

Ijumaa Hilkka aliisoma rasimu mbele yangu, midomo ikicheza.
Ukurasa wa tisa akasimama.
"Harufu hukuiandika."
Nikasema harufu haina tarehe.
"Saa inayo," akasema. "Inaingia nami nyumbani
saa kumi na dakika arobaini.
Mjukuu wangu hunikimbilia, kisha hukumbuka."

Hilo halipimwi kwa rula. Hakuna ratiba yake,
hakuna shahidi ila mtoto wa miaka minne,
na mtoto sitamwita.
Mkurugenzi atalizungushia wino mwekundu: lina uhusiano gani?

Naongeza karatasi.
Aya ya thelathini na mbili.
Hilkka Pesonen alisema kwamba mjukuu wake
humkimbilia,
kisha hukumbuka.
Sijabadilisha hata neno.
Nahesabu kurasa upya: ishirini na nne.